Uzoefu wangu: Askari wa inchi mbili waliopakwa rangi Sakina

Wengi wakisikia nakusanya sanamu ndogo za askari wanafikiria zile plastiki za kijani zinazouzwa kwa mfuko. Zangu ni za metali, za milimita 54, mtu mzima akisimama ana inchi mbili na kidogo, na kila mmoja amepakwa rangi kwa mkono. Pamoja nao nina magari ya kijeshi ya skeli ya 1/35, yaani madogo mara 35 kuliko gari halisi. Nimejiwekea mipaka: Vita Kuu ya Kwanza ilivyopiganwa huku kwetu, na Vita vya Kagera. Basi.

Naishi Moshi, na vita ile ya kwanza ilipita mlangoni petu. Longido walipigana tarehe 3 Novemba 1914. Machi 1916 vikapiganiwa vilima vya Latema na Reata, upande wa Taveta, na mwezi huohuo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Moshi, kisha Kahe. Wajerumani walianza vita wakiwa na kampani 14 za askari katika koloni lote, na kampani ya kwanza makao yake yalikuwa Arusha. Boma la wakati huo lipo mpaka leo, ni makumbusho. Nikimweka askari wa mwaka 1914 kwenye kabati langu, namweka mtu ambaye huenda alikunywa maji ya mito hiihii, kwa hiyo sura yake siwezi kuichukulia kirahisi.

Na shida yote iko kwenye sura.

Sanamu za askari wa Kiafrika zimetengenezwa muda mrefu. Kampuni ya William Britain ya London ilianza kumimina askari wa madini ya risasi walio wazi ndani mwaka 1893, na baadaye ikatoa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, seti nambari 225, wenye kofia nyekundu. Hao ni wa zama zao, rangi moja ya mwili na nukta mbili za macho, na hata askari wa Kizungu wa wakati ule walipakwa hivyohivyo kwa rangi yao ya waridi. Sina ugomvi nao. Ninaowalalamikia ni wa siku hizi. Niliagiza nje askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, wameshapakwa rangi tayari, kwa bei ya juu. Vifungo vimekaa sawa, tai kwenye kofia anaonekana, mifuko ya risasi kiunoni kila mmoja na kivuli chake. Ila uso ni kahawia iliyokolea, kisha sehemu za mwanga zimechanganywa na nyeupe. Matokeo yake askari wote wamepauka, kama watu waliooga asubuhi ya Julai wakatoka bila kupaka mafuta.

Ndipo nikaelekezwa kwa dada mmoja wa Sakina, Arusha. Kazi yake kubwa ni turubai za kuuzia watalii, tembo, Mlima, Wamasai wakiwa kwenye foleni. Pembeni anapaka rangi sanamu ndogo na magari ya mfano kwa wateja wachache wanaojuana. Nilimpelekea askari wangu mmoja kama jaribio. Alinisalimia shikamoo, akamchukua yule askari, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, huyu wamempaka majivu."

Nikamuuliza angefanyaje yeye.

"Nyeupe siigusi kabisa. Paji la uso lina rangi yake, shavu lina rangi yake, chini ya kidevu kuna nyingine. Niachie, mzee wangu, utamwona."

Nilimwachia.

Kwanza aliivua rangi ya kiwandani kwa kumlaza kwenye mafuta ya breki, akamsugua kwa mswaki wa zamani na sabuni. Mafuta ya breki yanafaa kwa metali tu. Plastiki na resini yanaweza kuziharibu, kwa hiyo msijaribu kwa vifaru vyenu. Kisha akampuliza praima ya kijivu, rangi ya kwanza inayoshika nyingine, ileile ya kopo wanayotumia mafundi wa magari, tabaka jembamba sana ili mikunjo ya nguo isizibe. Baada ya hapo ndipo ufundi ulipoanza. Rangi ya msingi ya ngozi ilikuwa kahawia iliyoungua, udongo mwekundu na tone la buluu iliyokoza. Kwenye vivuli, chini ya kofia na pembeni ya pua, aliongeza zambarau. Kwenye mwanga hakuongeza nyeupe, aliongeza chungwa na manjano ya udongo. Viganja vikawa vyepesi kuliko mgongo wa mkono, mdomo wa chini ukawa na wekundu kidogo, na weupe wa macho haukuwa mweupe bali rangi ya maziwa ya moshi.

Nilipoenda kumchukua askari wangu nilikaa naye kwenye kiti cha dada yule muda mrefu nikimtazama. Ni mtu. Ana joto mwilini. Ametembea juani na bado ana nguvu. Nina sanamu ghali kuliko huyo, lakini wageni wakifungua kabati, ndiye wanayeinama kumwangalia.

Kuanzia hapo nilimpelekea karibu wote. Kitu kimoja kilichonifanya nimwamini zaidi ni kwamba anauliza. Aliniuliza bunduki ya huyu ni ipi, kwa sababu kitako cha mbao na chuma havina rangi moja katika kila aina. Ni swali zuri. Mwaka 1914 kampani nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za risasi moja moja na baruti inayotoa moshi mzito. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliokota bunduki 455 za Waingereza, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, kwa hiyo askari wa 1915 anaweza kushika silaha ya adui yake bila kosa lolote. Nilimweleza hivyo, akaandika kwenye kidaftari chake. Sanamu ya baadaye akaipaka kitako chenye rangi tofauti bila mimi kumkumbusha.

Sasa vumbi. Walio wengi wanaonunua vumbi la chupa kutoka nje wanapata rangi ya jangwa, njano nyepesi. Vumbi la huku siyo hilo. Udongo wa njia za Moshi ni kahawia yenye wekundu, unaganda kwenye kifundo cha mguu na kupanda mpaka magotini, na juu ya mabega unakaa kidogo tu. Dada anatumia udongo wenyewe. Nilikuwa na wasiwasi, maana kwa skeli hii chembe ya mchanga ya milimita moja ni kokoto ya sentimita tatu mguuni kwa askari. Yeye anaupepeta kwa soksi laini za nailoni, anachukua unga uliopita tu, anaupaka kwa brashi kavu na kuushika kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Askari wangu wa Kahe wana vumbi la Kahe. Nililibeba mwenyewe.

Kwenye magari ana nafasi ya kukua. Nilimpa lori la BM-21 la kuunganisha, la kampuni ya Trumpeter, skeli ya 1/35, lile lenye mirija 40 ya roketi juu ya lori la Ural, mistari minne ya kumi kumi. Ndilo silaha ambayo Waganda waliiita Saba Saba wakati jeshi letu likielekea Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Gari halisi lina urefu wa mita saba na robo hivi, kwa hiyo la mezani linafika sentimita 21. Kuliunganisha kunahitaji uvumilivu, na kwenye hilo sina la kumlaumu: mirija imenyooka yote, ukichungulia upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Rangi ya kijani pia ni nzuri, imefifia juu ya kabini na kubaki imekolea pale jua lisipofika.

Lakini kutu ilizidi. Aliiga picha za wapaka rangi wa Ulaya, ambao wanapenda kulifanya kila gari lionekane limeokotwa mtoni. Gari la jeshi lililo kazini linatunzwa, linapakwa rangi tena, na miezi ya vita haitoshi kulitoboa. Nikamwambia aende soko la Kilombero, hapohapo Arusha, aangalie Fuso zinazoshusha mizigo. Aangalie vumbi linapokaa, nyuma ya matairi na kwenye ngazi ya dereva. Aangalie mlangoni, pale mikono inaposhika kila siku, panavyobaki pasafi na kung'aa. Alienda kweli. Lori lilirudi kwangu likiwa na kutu kwenye bomba la moshi tu, na alama za mikono mlangoni. Namba za ubavuni bado hazijanyooka vizuri, na kwa mtu anayechora tembo kwa uhuru namna ile, naona mistari iliyonyooka inamsumbua.

Neno kwa wanaoanza kununua: milimita 54 inakaribia skeli ya 1/32, hailingani na 1/35. Ukimsimamisha askari wa metali kando ya lori hilo atakuwa jitu, mlango hautamtosha. Ile 1/35 yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya betri: Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru cha Panther mwaka 1961 ilibidi ndani paenee mota na betri, ukubwa ukatoka hapo, na dunia nzima ikaufuata. Kwa hiyo mimi nawaweka askari rafu moja na magari rafu nyingine.

Bei. Askari mmoja wa milimita 54 ananitoza shilingi elfu arobaini na tano, na kama kuna rangi ya zamani ya kuvua, anaongeza elfu tano. Lori la kuunganisha na kupaka lilikuwa laki moja na themanini, bila kifaa chenyewe. Siyo rahisi, lakini uso wa aina ile sijaupata kwingine kwa bei yoyote. Rangi bora upeleke mwenyewe. Nilimpelekea chupa za Vallejo, rangi za wapaka sanamu, za mililita 17 alizoniletea mpwa wangu kutoka safari, kwa sababu rangi za akriliki za wanafunzi zinazouzwa madukani zina chembe nene, zinafaa kwa udongo wa chini ya miguu lakini usoni zinaacha vinundu.

Anachukua muda, na wakati wa masika ni zaidi. Hapulizi vanishi siku ya unyevu, kwa kuwa vanishi isiyong'aa ikikutana na unyevu inaweza kuganda kama ukungu mweupe juu ya kazi yote. Mteja mwenye haraka atachukia. Mimi nimekubaliana naye kabisa kwenye hilo.

Usafiri nao una adabu yake. Mzigo wa kwanza alinitumia kwa basi, sanamu zimefungwa kwa karatasi, na singe mbili zikafika zimepinda. Metali hii ni laini, singe ikipinda na kunyooshwa mara kadhaa inakatika. Siku hizi anachonga vyumba kwenye kipande cha godoro, kila askari analala peke yake, wala hapajavunjika kitu tena.

Nikishawapokea, wanaingia kwenye kabati la aluminiamu na vioo. Fundi alitaka kunitengenezea la mbao nikakataa. Sanamu za zamani zenye madini ya risasi zinaharibiwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye baadhi ya mbao na kwenye kadibodi. Metali inageuka unga mweupe kidogo kidogo, na rangi inabanduka pamoja nao. Unga huo ni sumu. Watoto wa nyumbani kwangu wanaangalia kupitia kioo, na mimi nikishika sanamu za zamani nanawa mikono kabla sijagusa chakula.

Kazi iliyoko mezani kwake sasa ndiyo ninayoingojea kwa hamu kuliko zote. Askari wapo wengi sokoni, maofisa wa Kizungu ndio usiseme, lakini wapagazi wa milimita 54 ni adimu, na vita ile ilitembea juu ya vichwa na mabega yao. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wengi bila kaburi lenye jina. Kabati la vita hii lisilo na mpagazi hata mmoja mimi silihesabu kuwa limekamilika.

Kwa hiyo tunawatengeneza. Anachukua miili ya sanamu nyingine, anakata mikono, anajenga upya kwa udongo wa epoksi unaoganda, anawavisha shuka na kuwawekea mizigo: masanduku ya risasi, gunia la unga, hema lililokunjwa. Tumebishana sana kuhusu shingo. Mtu aliyebeba mzigo mzito kichwani hainamishi kichwa, uti wote unanyooka na macho yanatazama mbali, na nyonga ndizo zinazofanya kazi. Sanamu aliyoanzia ilikuwa imeinama kama mtu anayesikitika. Alimwita mama yake kutoka uani, akamtwika ndoo ya maji, akampiga picha kwa simu kutoka pande zote, kisha akaivunja ile shingo na kuanza upya.

Bei ya hao tumekubaliana elfu tisini kila mmoja, kwa sababu ya uchongaji, na nusu nimeshamtumia kwa simu. Anayetaka kumpelekea kazi ajiandae kusubiri, apeleke picha za kutosha na rangi zake za usoni.