Moldingi za pembeni kwenye Datsun 240Z ya baba: miezi kumi na minne baadaye

Niliamua kubandika moldingi, ule ukanda wa mpira wa kukinga ubavu wa gari, siku mkokoteni uliponipita Likoni, Mombasa. Nilikuwa ndani ya kivuko, dirisha limeshushwa, jua la saa nane, gari limebanwa kati ya Prado nyeupe na lori la mawe. Kijana mmoja mwenye mkokoteni wa madafu akaona nafasi ambayo mimi sikuiona. Nilisikia kabla ya kuona: krrrr, taratibu, kuanzia madigadi ya mbele hadi karibu na kishikio cha mlango. Alipofika usawa wangu akasema, "Samahani mama, njia nyembamba," na kweli ilikuwa nyembamba. Sikuwa na la kumjibu.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, nyekundu, alilonunua marehemu baba kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Vijana wanaolipiga picha Nyali hudhani ni gari la Mzungu. Ni la Mjapani. Kwao lilitoka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na sisi huku tulilijua kwa vumbi la mbio za magari: Safari Rally ya 1971 walishinda Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani ya 240Z, na ya 1973 wakashinda Shekhar Mehta na Lofty Drews, 240Z vilevile. Baba alikuwa mtu wa Herrmann, hakutaka kusikia la mwingine. Mashine ni ya lita 2.4, silinda sita mstari mmoja, kabureta mbili ambazo zikikosana kidogo tu gari zima linakohoa. Milango ni mirefu kwa sababu ni miwili. Ukitaka kutoka kama mtu mzima sharti uufungue wote, na ukiufungua wote unamfikia jirani.

Ukanda wa mpira pembeni si kitu kigeni kwa gari hili. Marekani wauzaji waliufunga kama kikorombwezo cha ziada gari likiwa bado jipya. Wanaotaka gari libaki lilivyochorwa hawataki hata kuutajiwa, na nawaelewa, maana ubavu wa 240Z ni mstari mmoja unaotiririka toka taa hadi mkiani, ukiukata kwa mpira mweusi umeukata. Mimi wakati huo sikuwa na msimamo. Nilikuwa na mkwaruzo wa mita moja.

Fundi wangu wa bodi ni mzee, alimjua baba, namwita ami. Alilizunguka gari mara mbili akipitisha kiganja ubavuni kama anayepapasa ng'ombe wa kununua.

"Hapa ni klipu," akasema. "Tunatoboa matundu manane kila upande, tunapiga klipu, hiyo moldingi haitoki mpaka kiama."

"Ami, matundu kumi na sita kwenye gari la baba?"

"Tunapaka praima, mwanangu."

"Na upande wa ndani wa mlango, nani ataingiza mkono kupaka praima?"

Akanyamaza, halafu akacheka. "Umekuwa kama babako. Haya, bandika."

Sikumkatalia kwa ubishi. Magari haya kutu ndiyo maradhi yao ya kuzaliwa: vizingiti chini ya milango, sakafu, ncha za chini za madigadi, sinia ya betri. Tundu la klipu huacha ukingo wa chuma kitupu upande usiouona, na kwa hewa yetu ya chumvi ukingo huo hausubiri mwaka. Ningekuwa naishi Nakuru pengine tungeongea mengine. Hata hivyo, tundu ukishalitoboa, siku ukibadili nia ni kuchomelea na kupaka rangi upya. Gundi ukibadili nia unabandua.

Basi nilinunua ukanda wa PVC mweusi, upana wa sentimita nne, unene wa milimita nane, unaouzwa kwa mita, pamoja na tepu ya povu ya akriliki yenye gundi pande mbili. Nilichukua mita tano. Kati ya vituo vya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya 240Z kuna mita 2.3 hivi, ukitoa nafasi ya magurudumu yenyewe, kila ubavu unakula chini ya mita mbili. Nilibaki na kipande, na habari zake zinakuja.

Ubandikaji ni kazi ya nusu siku usipokuwa na haraka. Nililiosha gari jioni, asubuhi nikalisogeza chini ya mkungu nyuma ya nyumba, maana bati likipata jua la saa nne hapa kwetu huwezi kuliwekea mkono, sembuse gundi. Nikafuta kwa spiriti mara mbili, kitambaa kipya kila mara. Nikanyoosha masking tepu kutoka madigadi hadi nyuma ya mlango kuwa mstari wa kufuata, nikarudi hatua kumi kuangalia. Rudi hatua kumi, tafadhali. Karibu na gari mstari ulikuwa sawa kabisa. Nilipotoka hadi getini nikaona unapanda nyuma kama gari limebeba viazi. Niliubandua mara tatu ndipo ukatulia.

Kosa langu lilikuwa pale mlango unapokutana na madigadi. Mlango wa 240Z ukifunguka, ukingo wake wa mbele hujiingiza nyuma ya madigadi. Mimi nilikata ukanda wima, sawa na ukingo. Nilipofungua mlango mara ya kwanza ule unene wa milimita nane ukasukuma madigadi na kumenya rangi, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Yaani kinga ndiyo iliyotangulia kulijeruhi gari. Kata kwa mshazari, acha pengo la kidole upande wa mlango, na fungua mlango polepole mtu mwingine akiwa amechutama anaangalia. Tepu za aina hii hushika kikamilifu baada ya saa 72, kwa hiyo hukumu yako ukitaka kuibatilisha ifanye siku hiyohiyo. Na siku hizo tatu usilioshe gari.

Miezi ya kwanza niliifurahia. Nilipata alama moja ya rangi ya njano juu ya mpira, nadhani ya tuktuk, nikaifuta kwa kitambaa ikaondoka. Nyingine ilikuwa kona ya mlango wa Probox sokoni, imechora mpira lakini bati halikubonyea. Kwa mapigo hayo mawili tu gharama ilikuwa imerudi, kwa sababu kunyoosha mlango na kuupaka rangi nyekundu iliyozeeka ifanane na ya zamani ni kazi ambayo fundi mwaminifu atakuambia mapema kwamba haitafanana.

Lakini mikwaruzo iliendelea kuja. Hili lilinisumbua hadi Jumapili moja nikachukua chaki na tepu ya fundi cherehani, nikazunguka gari nikitia alama kila jeraha, jipya na kuukuu, na kupima urefu wake toka chini. Ningefanya hivi kabla ya kununua chochote ningejiokoa na mengi. Nilihesabu majeraha kumi na moja. Matatu yalikuwa kati ya sentimita 48 na 58, pale hasa nilipobandika ukanda. Sita yalikuwa juu, sentimita 70 na kuendelea, karibu na bega la mlango. Mawili yalikuwa chini kabisa, na hayo nikayaacha kwanza.

Nilikaa juu ya ndoo nikatazama zile alama sita. Gari hili lina kimo cha kama sentimita 128 hadi juu ya paa. Ukanda wa pembeni ulibuniwa wakati magari ya maegeshoni yalikuwa na vimo vinavyokaribiana, tumbo la mlango wa huyu linagonga tumbo la mlango wa yule. Leo anayeegesha kando yangu ni Prado au Harrier. Mlango wake ukifunguka, sehemu yake inayojitokeza zaidi inapita juu ya ukanda wangu bila hata kuusalimu, kisha inatua begani. Ningebandika ukanda mwingine huko juu gari lingefanana na trei la mayai.

Jambo la pili ni kilichokuwa kikiendelea chini ya mpira. Baada ya masika niliona ncha ya nyuma upande wa kushoto imenyanyuka, unene wa kucha. Nikaingiza mshipi wa kuvulia, nikapasha moto kwa draya ya nywele, nikawa navuta huku na huku kama mtu anayekata mkate. Ulipoachia, juu ya tepu palikuwa na mstari wa rangi ya chai, na ndani yake chembe za mchanga. Nilipoupitisha ukucha ulitoka wote isipokuwa sehemu moja, nusu ya kidole cha mwisho, ambapo rangi ilikuwa na ufa tangu zamani. Hapo palikuwa kutu, tayari imeanza kuvimba. Siwezi kuusingizia ukanda kwamba ndio ulioleta ufa. Ila uliuficha, ukaulisha maji ya chumvi taratibu, na mimi nikawa napita kila siku nikiupangusa kwa juu ung'ae.

Tena pale ulipokuwa ukanda paliacha kivuli. Nyekundu ya zamani hupauka kwa jua, na mimi kwa miezi kumi na minne nilikuwa nimeufunika mstari mmoja. Gundi iliyobaki nilitoa kwa mafuta ya taa kidogo na sabuni, halafu nikakuta ukanda mwingine, wa rangi nyekundu iliyokoza, kama vile gari limevaa mkanda wa suruali. Polishi imepunguza, haijamaliza. Anayejua rangi ataona.

Nilijaribu pia kanda za sumaku, zile unazobandika ukiegesha na kutoa ukiondoka. Kwa Likoni wazo lake ni zuri sana. Bati la 240Z ni chuma, sumaku ikashika milango yote miwili vizuri. Nilipofika nyuma ya mlango wa kulia ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka. Nikachukua sumaku ya friji, ile yenye picha ya mnara wa taa, nikaipitisha kidogokidogo: kuna eneo la ukubwa wa sahani ambalo halishiki kitu. Ni fila, ile lipu ya kuzibia bati lililobonyea. Mtu aliwahi kugonga hapo, na si wakati wangu. Nilipomwambia ami aliangalia pembeni. "Babako alisema tusimwambie mamako," akasema. Mama ana miaka themanini na mbili na bado hajaambiwa.

Sumaku zenyewe nazitumia, lakini kwa nidhamu: mchanga ukiingia chini yake ni msasa, kwa hiyo napangusa bati na sumaku kila mara kabla ya kuiweka. Usiendeshe nazo. Na usizisahau juani siku nzima.

Sasa wanaoniuliza wabandike au wasibandike. Kama gari lako unaliendesha kila siku, na ukishalipima kwa chaki ukaona majeraha yako mengi yako kwenye mstari wa tumbo la mlango, bandika kwa tepu, na kila baada ya masika kagua ncha zote kwa ukucha. Kama majeraha yako yako begani, hela hiyo peleka kwenye filamu angavu ya kukinga rangi, ile ya poliyurethani. Haizuii bati kubonyea lakini mikwaruzo ya vifungo na funguo inaibeba yenyewe, na mstari wa gari haukatwi. Ukipaka rangi mpya kwanza, subiri ikauke hadi ndani kama fundi wa rangi atakavyokuelekeza kabla ya kubandika lolote, filamu au mpira. Kwa anayetaka kulipeleka gari kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya urembo wa magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, sina la kukuambia, wewe unajua majaji wanachungulia mpaka uvunguni. Na kutoboa, hapana. Hata kama fundi ni ami yako.

Upande wa kulia bado sijabandua. Ncha hazijanyanyuka, na upande huo ndio unaoelekea barabarani nikiegesha mjini, tuktuk zinapopita kwa milimita.

Yale majeraha mawili ya chini, ya sentimita 31 na 33, nilihangaika nayo wiki nzima. Kimo hicho hakuna mlango wa gari, hakuna mkokoteni. Jioni moja nikarudi nyumbani, nikaegesha pale pale ninapoegesha siku zote, nikafungua mlango kutoka, nikasikia *tk*. Ni ukingo wa saruji wa nguzo ya banda letu, ambao baba aliujenga mwenyewe. Kile kipande cha ukanda kilichobaki nimekipigilia hapo kwa misumari minne.