Kadi ya Michoro kwa Bajeti Ndogo: Ipi Inunuliwe Kwanza Ukiwa Mtwara

Kadi za michoro, yaani vipande vya kompyuta vinavyotengeneza picha za kwenye skrini, zinazofika Mtwara nyingi huagizwa Kariakoo na kusafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, na kwa kuwa kuirudisha isiyofaa ni gharama nyingine, mnunuzi anapaswa kuijua mashine yake kabla ya kuulizia bei.

Fungua kasha, usome kibandiko cha pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta). Kompyuta nyingi za mezani za mtumba, kama Dell OptiPlex zilizotoka maofisini, zina pawa saplai ya wati 240 hadi 300 hivi, isiyo na waya wa ziada wa kulishia kadi, kwa hiyo kadi hutegemea umeme wa sloti pekee (tundu inapochomekwa kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta), ambao hauzidi wati 75. Kasha likiwa jembamba, agiza kadi ya kimo kifupi, na uhakikishe kuwa bamba fupi la kuifungia limo ndani ya boksi.

Kwa vigezo hivyo naitanguliza kadi ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, iliyotoka mwaka 2019. Inatosha kwa michezo mingi, ina kitengo cha kufinyaza video kinachowafaa sana wahariri wa video za harusi, na kampuni yake, NVIDIA, bado inaitolea draiva mpya (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi). Chagua toleo lisilo na tundu la pini 6 la umeme wa ziada, kwani matoleo yake hayafanani.

RX 6400 ya mwaka 2022 inafuata. Inatumia wati 53 tu, lakini hupitisha data kwa njia 4 pekee za PCIe (mfumo wa sloti hiyo), hivyo kwenye mazabodi ya zamani, ambayo njia zake ni za polepole, hupoteza kasi. Tena haina kitengo cha kufinyaza video, kwa hiyo mhariri aiache.

Ya tatu ni GTX 1050 Ti, ambayo imekwisha kuzeeka na ndiyo inayoghushiwa sana: kadi kongwe kama GTS 450 hubadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kwa jina hilo. Usitume pesa kabla muuzaji hajaiwasha kwa simu ya video na kukuonyesha programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, ambayo bandia nyingi huziandikia FAKE kando ya jina. Katika video hiyohiyo asogeze kamera kwenye meno ya dhahabu ya kadi, uone kama yameshika kutu, hasa ikiwa ilikuwa ikitumika huku pwani kwenye hewa ya chumvi.

RX 580 ina nguvu kuliko hizo zote, lakini hula wati 185 na nyingi zilichakazwa kwa kuchimba sarafu za kidijitali; naipendekeza tu kwa mwenye pawa saplai ya kuaminika ya wati 500. GT 1030 ninaiweka mwisho, na toleo lake lenye kumbukumbu ya aina ya DDR4 lisinunuliwe kabisa, kwa sababu kumbukumbu hiyo ni ya polepole mno.

Monita za mtumba mara nyingi zina tundu la VGA pekee, ambalo kadi hizi kwa kawaida hazina, basi bei ya adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.