Jemadari au Nahodha: kiongozi wa kundi la kubuni aitweje?

Ukiandika hadithi ya kundi la waasi, cheo cha kiongozi humtambulisha kabla hajafungua kinywa. Nimekuwa nikipima majina mawili.

Jemadari lina mlio wa vita. Lina asili ya Kiajemi, na katika jeshi la Waingereza huko India jemadari alikuwa afisa wa ngazi ya chini. Kwenye Kiswahili likapanda hadi kuwa kamanda mkuu. Linafaa kundi lenye safu, nidhamu na amri zisizojadiliwa. Ila linadai jeshi. Watu kumi na wawili walio mafichoni wakimwita mwenzao Jemadari, msomaji atauliza askari wako wapi.

Nahodha nalo ni la Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Huyu hula na mabaharia wake, na dhoruba ikija inawapiga wote. Timu ya mpira nayo ina nahodha, kwa hiyo neno limeshazoea nchi kavu. Kwa kundi dogo linaloishi kwa kuaminiana, ningelichagua hili bila kusita. Na likinong'onwa usiku, "Nahodha amerudi," linatisha vilevile.