Pawabenki ipi ununue: ya kwanza, ya pili, na zile za kuziacha dukani

Ukisimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya simu, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utawekewa pawabenki mbili zinazolingana umbo. Moja imeandikwa 10,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri), nyingine 50,000 mAh, na hiyo ya 50,000 ndiyo ya bei nafuu. Maandishi yake ni ya uongo, na huhitaji fundi wa kukuthibitishia. Mizani ndogo tu inatosha.

Seli za lithiamu zilizo ndani hufanya kazi kwa volti 3.7. Zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa, yaani Wh, ambazo ndizo umeme halisi uliohifadhiwa. Kwa hiyo 10,000 mAh ni 37 Wh, 20,000 ni 74 Wh, na 50,000 ni 185 Wh. Sasa angalia uzito. Seli ya duara inayotumika sana, ile ya 18650, ina gramu 45 hadi 50, na iliyo bora kabisa hubeba kama 3,500 mAh. Kufikisha 50,000 unahitaji seli 15, karibu gramu 700 za betri peke yake kabla hujaweka gamba na saketi. Kitu cha gramu 300 hakina nafasi hiyo. Pawabenki ya kweli ya 10,000 huwa na gramu 180 hadi 250, na ya 20,000 huwa kati ya 330 na 450. Ila uzito unakamata mwongo mwepesi tu: zimewahi kupasuliwa pawabenki zilizojazwa mchanga ndani ya seli tupu ili zijisikie nzito mkononi. Ikiwa nyepesi, ikatae. Ikiwa na uzito unaostahili, endelea kusoma lebo.

Kwenye lebo tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni Wh. Watengenezaji makini huziandika. Cha pili ni maneno Rated Capacity, yaliyochapishwa kwa herufi ndogo kwa sababu yanaonyesha kiasi kinachotoka kweli baada ya volti 3.7 kupandishwa hadi 5. Kwa pawabenki ya 10,000, namba hiyo huwa kati ya 5,800 na 6,500 hivi. Usione umeibiwa, anayekiri 6,000 ni mkweli kuliko asiyeandika kitu. Cha tatu ni mistari ya Input (umeme unaoingia) na Output (unaotoka), na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotelea, kwa hiyo tutaieleza kwa kirefu.

Kulinganisha bei za maduka mawili, gawanya bei kwa Wh. Usigawanye kwa mAh, maana mAh ndizo zinazodanganywa zaidi.

Nafasi ya kwanza: 10,000 mAh, USB-C ya kuingiza na kutoa, wati 20 au zaidi

Hii ndiyo tunayompendekeza mtu mwenye simu moja anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Inaingia mfukoni, na simu yenye betri ya 5,000 mAh inaijaza mara moja na kubaki na theluthi. Simu yenye betri ya 3,300 huijaza karibu mara mbili.

Sharti lisilojadiliwa ni tundu la USB-C linalofanya kazi pande zote mbili: unachajia pawabenki hapo na unatolea umeme hapohapo. Kwenye Output soma kama kuna 9V/2.22A. Hiyo ni wati 20 kwa mfumo wa kuchaji haraka uitwao PD, unaoeleweka na iPhone zote kuanzia iPhone 8 na simu nyingi za Android. Ikiwa mstari wote unasema 5V/2A tu, hizo ni wati 10, na simu ya sasa itakaa kwenye waya zaidi ya saa mbili.

Mstari wa Input ndio unaosahaulika, na kwa sisi tunaokatikiwa umeme ndio wenye faida kubwa zaidi. Pawabenki ya 10,000 inayoingiza wati 10 hujaa kwa saa tano hivi. Inayoingiza wati 18 hujaa chini ya saa tatu. Umeme ukirudi kwa muda mfupi kisha ukakatika tena, hii ya pili itakuwa imeshika chaji ya kutosha. Zile za zamani zenye tundu la micro-USB peke yake usizinunue tena hata kwa punguzo: ni za polepole, na tundu lenyewe hulegea mapema.

Kabla ya kulipia kasi, ijue simu yako. Fungua tovuti ya GSMArena, andika modeli ya simu, shuka hadi sehemu ya Battery. Hapo utakuta mAh za betri na wati inazopokea. Samsung Galaxy zinazochaji kwa wati 25 zinahitaji pawabenki yenye PPS, nyongeza ya mfumo wa PD. Bila hiyo zitachaji, ila taratibu zaidi. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Redmi zinazotangazwa kwa wati 33 au 45 hufikia kasi hiyo kwa chaja yao wenyewe na waya wao. Kwenye pawabenki ya kampuni nyingine hushuka hadi wati 10 au 18. Mwenye simu ya namna hiyo akinunua pawabenki ya wati 65 kwa ajili ya kasi, anatupa hela.

Waya nao una neno lake. Waya wa USB-C pande zote mbili hupitisha ampea 3, na hiyo inatosha simu yoyote ya PD. Waya mwembamba wa mtaani wenye kichwa bapa upande mmoja mara nyingi hupoteza volti njiani, simu inaonyesha inachaji huku asilimia hazipandi. Ukiona pawabenki mpya inachelewa, badilisha waya kwanza kabla ya kurudi dukani kugombana.

Kuna malalamiko mengine ambayo siyo ubovu: unachomeka saa au spika ndogo za masikioni, baada ya nusu dakika pawabenki inazima. Vifaa hivyo huvuta umeme kidogo mno, pawabenki inadhani hakuna kitu na kujifunga. Nyingi zina hali ya umeme mdogo, kwa kawaida huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia. Kama una vifaa hivyo, hakikisha muuzaji anakuonyesha inavyowashwa.

Nafasi ya pili: 20,000 mAh, wati 20 kwenda juu

Hii ni ya msafiri wa basi la masafa marefu, mwenye simu mbili, au nyumba ambayo umeme unaweza kukosekana tangu asubuhi hadi usiku. Ni nzito kwa mfuko wa suruali. Mahali pake ni begi. Hapa Input ya wati 18 ni lazima, kwa sababu kwa wati 10 itachukua saa tisa au kumi kujaa, ilhali kwa 18 ni saa tano hivi.

Uliza pia kinachotokea matundu mawili yakitumika pamoja. Nyingi zinaposhika simu mbili huzima kuchaji haraka na kugawa wati 15 kwa zote. Kwa kompyuta ya mkononi unahitaji tundu la USB-C lenye 20V na wati 45 au 65. Kwa 74 Wh utaijaza kompyuta ya 50 Wh mara moja, siyo zaidi.

Wanaosafiri kwa ndege wasipande juu ya ukubwa huu bila hesabu. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh, sawa na 27,000 mAh. Kati ya 100 na 160 Wh unahitaji ruhusa ya shirika, na juu ya hapo huruhusiwi kabisa. Inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe siyo kwenye mzigo wa chini. Masharti yamekazwa tangu ndege ya Air Busan iungue uwanjani Korea Kusini mwezi Januari 2025: Emirates, ambayo wengi wetu huipanda kupitia Dubai, tangu Oktoba 1, 2025 inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, chini ya 100 Wh, na kuitumia ndani ya ndege hairuhusiwi. Lebo iliyofutika ni tatizo uwanjani hata kama pawabenki ni ndogo, kwa hiyo bandika utepe angavu juu ya maandishi mapema.

Nafasi ya tatu, kwa wanaofanya kazi nyumbani: UPS ndogo ya ruta

UPS ni betri inayokaa kati ya adapta na ruta na kuendelea kuilisha umeme ukikatika. Siyo ya kubeba, lakini kwa mtu anayeishi na intaneti ya faiba nyumbani ina maana kuliko pawabenki ya pili. Kabla ya yote, jaribu hili bila gharama: mtaa mzima ukikosa umeme, muulize jirani mwenye betri au sola kama intaneti yake inaendelea. Vifaa vya mtoa huduma huko barabarani vikizimika pamoja na mtaa, UPS yako itawasha taa za ruta tu.

Soma adapta ya ruta: ni 12V au 9V, na ampea ngapi. Ruta ya 9V ukiichomeka tundu la 12V unaweza kuiunguza palepale. Pini nyingi ni za milimita 5.5 kwa 2.1, lakini zipo za 2.5, isiyolingana ama haiingii, ama huingia ikacheza na ruta hujizima kila meza ikiguswa. UPS iliyoandikwa 8,800 mAh ni kama 32 Wh. Ruta na kifaa cha faiba vikila wati 10 kwa pamoja, utapata saa mbili na nusu hivi. Anayekuahidi saa nane kwa ukubwa huo hajapiga hesabu. Kosa lingine la mara kwa mara: adapta inayoilisha UPS ni ya 1A wakati ruta inavuta karibu zote, basi betri haijai kamwe na siku ya giza inadumu dakika ishirini. Adapta ya UPS iwe na ampea zaidi ya zile za ruta.

Nafasi ya nne: za sumaku, zisizotumia waya

Zinapendeza, zinabandika nyuma ya simu, na zile za 5,000 mAh hazitoshi kuijaza simu kubwa, kwa kuwa sehemu nzuri ya umeme hupotea kama joto. Kwa joto la Mombasa au Dar, simu hujipunguzia kasi ya kuchaji. Nunua kama unajali wepesi kuliko kiasi.

Za kuziacha: zenye sola juu, na zile za namba kubwa

Paneli ya ukubwa wa kiganja hutoa wati moja au moja na nusu kwenye jua la utosi. Kujaza 37 Wh unahitaji saa 30 hivi za jua kamili, yaani siku tano au sita nzuri. Kwa 20,000 mAh zidisha mara mbili. Na ili upate jua hilo lazima uianike betri ya lithiamu kwenye joto linaloiua. Ukitaka sola ya kweli, nunua paneli ya kukunja ya wati 10 hadi 20 yenye tundu la USB, paneli ikae juani na pawabenki kivulini, waya katikati. Zile za 50,000 zenye waya nne ndani na tochi tumeshazimaliza kwa mizani.

Ijaribu wiki ileile, risiti ikiwa mkononi

Jaza pawabenki hadi taa zote zitulie. Shusha simu hadi asilimia 10, izime, ichaji, andika asilimia ilizopanda. Itumie, rudia hadi pawabenki iishe, kisha jumlisha. Kwa 10,000 mAh na simu ya 5,000, jumla iwe kati ya 120 na 140. Ikiwa chini ya 90, irudishe. Kama una kipimo kidogo cha USB, soma Wh zilizotoka: kwa 37 Wh tegemea 30 au zaidi kidogo. Wakati wa jaribio iguse; uvuguvugu ni sawa, joto la kushindwa kuishika siyo.

Baada ya hapo, usiichaji chini ya mto wala juu ya godoro, na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Ukiiweka kabati muda mrefu, iache nusu na uiongezee kila miezi mitatu. Ikivimba, hata kidogo, usiichaji tena na usiitoboe ili kutoa hewa; ndani mna gesi na kimiminika kinachowaka. Iweke nje kwenye chombo cha chuma au udongo mbali na vitu vya kuungua, na umkabidhi anayekusanya taka za kielektroniki, siyo pipa la jikoni. Ikianza kufuka moshi, chomoa chaja ukutani kama unaifikia salama, kaa mbali na moshi huo, mwagia maji mengi. Maji yanapoza seli za jirani zisifuatie, mchanga hauzipozi.

Jina kubwa nalo halikuondolei kazi ya kukagua. Juni 2025 kampuni ya Anker iliwataka wanunuzi warejeshe pawabenki za PowerCore 10000, modeli A1263, zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, kwa sababu ya hatari ya moto, na vifaa vya namna hiyo hutufikia kupitia ndugu walio nje na wauzaji wa mtumba. Modeli imechapishwa ukingoni mwa chini. Ukiikuta A1263, ingiza namba yake ya kiwandani (serial number) kwenye ukurasa wa Anker wa urejeshaji kabla hujaichaji tena.