Chanjo ya mtoto wa mbwa Mwanza: dukani, nyumbani au kliniki?

Mwanza mjini mtoto wa mbwa huchanjwa kwa njia tatu. Unanunua kichupa kwenye duka la dawa za mifugo na kumtafuta kijana wa kuchoma. Unampigia daktari wa mifugo aje na boksi lake la barafu hadi Buhongwa au Kisesa. Au unambeba mwenyewe kwenye kikapu mpaka kliniki. Wengi huamua kwa bei, na kwa bei duka halina mpinzani. Hapa tumezipima njia zote tatu kwa swali ambalo haliandikwi kwenye risiti: mbwa akipata mzio (aleji) dakika kumi baada ya sindano, aliyemchoma ana nini mkononi?

Tuanze na ukubwa wa tatizo, maana wapo wanaotishika bure. Mzio wa chanjo ni nadra. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005, wa mbwa zaidi ya milioni 1.2, ulikuta kama 38 kati ya kila 10,000 walipata madhara ya aina yoyote ndani ya siku tatu, na mengi yalikuwa mepesi. Parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, haina huruma hiyo. Ila uchunguzi uleule ulionyesha mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja: kadiri mbwa anavyokuwa mdogo wa mwili, hatari hupanda, na kadiri anavyochomwa chanjo nyingi kwa siku moja, hupanda tena. Sasa mchukue chihuahua au dachshund wa kilo mbili, umpige chanjo ya mchanganyiko, ya lepto na ya kichaa cha mbwa kwa mkupuo mmoja ili mwenye mbwa asirudi tena mjini. Huko ndiko kutafuta balaa kwa tochi.

Jingine linalowachanganya watu ni kwamba dozi ya kwanza mara nyingi hupita salama. Mwili huhitaji kukutana na kitu mara ya kwanza ndipo ujifunze kukichukia, kwa hiyo mzio hupenda kuja dozi ya pili au ya tatu, wakati kila mtu ameshalegeza macho. Na kinachochukiwa mara nyingi si kirusi chenyewe, bali mabaki ya protini za kiwandani: za damu ya ng'ombe iliyotumika kukuzia virusi, au gelatini.

Kichupa chenyewe kina siri moja ndogo. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya distempa, parvo, homa ya ini na parainfluenza, huja kama kikeki kikavu cheupe chini ya kichupa, na pembeni kuna kichupa cha maji ya kukiyeyushia, kawaida mililita 1. Kwa chapa nyingi maji hayo yanaweza kuwa matupu, au yakawa yenyewe ni chanjo ya lepto. Ukiambiwa "ni sindano moja tu", uliza imeyeyushwa na nini. Lepto ni ugonjwa uleule ulioitwa homa ya mgunda ulipowapata watu Lindi mwaka 2022, nao huenezwa na mkojo wa panya kwenye maji na tope, kwa hiyo mbwa wa kandokando ya ziwa au anayezunguka majaruba anaihitaji. Lakini kwa kijibwa kidogo ni busara kuitenga, ichomwe peke yake wiki mbili au zaidi baada ya mchanganyiko, ili akivimba ujue kilichomvimbisha.

Dukani. Ubora wake ni bei na ukaribu. Kuanzia Igoma hadi Kirumba hukosi pa kuulizia. Tatizo la kwanza ni baridi. Kichupa kinatakiwa kikae kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu unajulikana. Mchanganyiko una virusi hai vilivyodhoofishwa, na joto huviua kimyakimya: kikeki kitabaki cheupe vilevile, mbwa atachomwa, kadi itajazwa, kinga haitakuwepo. (Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ngumu zaidi. Utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha Nobivac Rabies ikifanya kazi hata baada ya kukaa miezi kadhaa nje ya friji. Hiyo ni chanjo ya virusi vilivyouawa. Usiipe parvo sifa zisizo zake.) Upande wa pili, kichupa kilichosukumwa hadi kwenye barafu ya friji nacho kimeharibika, hasa chanjo zenye alumini. Mwenye duka anayekufungia kichupa kwenye mfuko wa nailoni bila barafu ameshakujibu maswali yote.

Tatizo la pili ndilo kubwa. Kijana anayekuja kuchoma ana bomba, pamba, na bodaboda inayomsubiri nje. Adrenalini, dawa ya kwanza ya mzio mkali unaoangusha presha, hana. Wengine hubeba deksamethasoni wakiamini ndiyo dawa ya mzio. Ni dawa nzuri mahali pake, lakini hufanya kazi taratibu, haiwezi kuinua presha iliyoanguka sasa hivi. Kwa mzio, njia hii tunaipa sifuri. Nenda dukani kwa dawa ya minyoo.

Tuitazame adrenalini kwa karibu, maana ndipo wataalamu na wababaishaji wanapoachana. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 kwenye mililita 1. Dozi ya mbwa mwenye mshtuko wa mzio ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwenye msuli wa paja. Mtoto wa mbwa wa kilo tatu, basi, anahitaji mililita 0.03. Chukua bomba la mililita 5 uone kama utaweza kupima hicho. Ni tone lisilofika hata mstari wa kwanza. Aliyejiandaa ana bomba la insulini la vipimo 100 kwa mililita, anavuta vipimo vitatu, basi. Asipopata nafuu hurudia baada ya dakika chache, huku akifungua mshipa na kuweka dripu ya Ringer. Kwa hiyo daktari wa kuja nyumbani mwombe tu kwa adabu: "Daktari, naomba kuiona adrenalini yako." Anayefahamu kazi hatakasirika. Soma tarehe ya mwisho, kisha tazama rangi: iwe safi kama maji. Ikiwa na wekundu au ukahawia imeshaungua, na adrenalini iliyoshinda kwenye begi juani huungua upesi kuliko tarehe yake inavyosema.

Nyumbani. Njia hii ina faida moja ambayo kliniki haiwezi kuishinda: mtoto wa mbwa asiye na kinga hakanyagi sakafu iliyokanyagwa na mgonjwa wa parvo. Ukiwa na uzao mzima wa watoto sita, hii ndiyo njia. Kasoro yake ni haraka. Daktari ana nyumba tano za kupitia, anachoma, anabandika lebo, anaaga, na ndani ya dakika nane yuko barabarani. Mzio mkali huanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja. Dawa ya haraka hiyo ni kupanga kazi kinyume: achome kwanza, ndipo afanye mengine yote. Apime uzito wa wenzake, akate kucha, atoe dawa ya minyoo, ajaze kadi, anywe chai. Nusu saa itapita bila mtu kuona amepotezewa muda. Asiyekubali mpango huu asikuchomee mbwa mwenye umbo dogo.

Kliniki. Hapa kuna meza, mizani, dripu na mtu wa pili wa kushika, na mtu wa pili ana thamani kuliko watu wanavyodhani. Kutafuta mshipa wa mtoto wa mbwa aliyelegea ukiwa peke yako si kazi ya kujaribia. Kwa mbwa mdogo, na kwa yeyote aliyewahi kuvimba, kliniki ndiyo jibu letu hata kama bei inauma. Ubaya wake ni foleni na sakafu. Mwache kikapuni au mpakate, usimshushe. Na mlishe kidogo kabla ya kutoka: kijibwa cha wiki nane kilichokaa na njaa kwenye daladala toka Usagara kinaweza kuishiwa sukari, kikalegea na ufizi ukapauka, na watu wakahangaika na mzio ambao haupo.

Nusu saa ile ya kusubiri, utazame nini? Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Watu husubiri uso uvimbe au pumzi ibane, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyomjua binadamu. Kwa mbwa, mshtuko wa mzio hupiga ini na utumbo kwanza. Dalili ya hatari ni kutapika ghafla, kuhara, wakati mwingine na damu, kisha kulegea, miguu kuwa ya baridi na ufizi kuwa mweupe. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Isiporudi, usiulize tena, ni adrenalini. Kuvimba macho na midomo kama aliyeumwa na nyuki, au kutoka vivimbe mwilini na kujikuna, kwa kawaida ni mzio wa daraja la chini, nao unaweza kuchelewa saa kadhaa. Huo hutulizwa na dawa ya aleji anayoipima daktari kwa uzito. Usimpe dawa ya mafua ya watu, kwani nyingi zina parasetamoli au vitu vya kuzibua pua ambavyo kwa mbwa ni sumu. Maziwa na mafuta ya kula, ambayo hapa mjini kila mbwa anayetapika hunyweshwa kwa kudhaniwa kala sumu, hayasaidii chochote, na mbwa aliyelegea hupaliwa nayo.

Kusinzia siku moja au mbili, homa kidogo, kukataa nusu ya chakula, na kijivimbe kama punje ya kunde pale sindano ilipoingia, huo si mzio. Kijivimbe huisha chenyewe ndani ya wiki chache. Na akishikwa na parvo siku tatu baada ya chanjo, mara nyingi alikuwa nayo kabla hajachanjwa.

Mbwa akishavimba mara moja, kosa la kwanza ni kuacha chanjo kabisa, la pili ni kumpa nusu dozi. Nusu dozi haizuii mzio, kwani chembe kidogo tu yatosha kuuamsha, na wala haiaminiki kujenga kinga. Kinachofanyika ni kuandika kwenye kadi chapa ya chanjo, namba ya toleo, saa aliyochomwa, saa alipoanza na alichoonyesha. Kisha dozi ijayo ichomwe kliniki, chanjo moja moja, ikiwezekana ya chapa nyingine, baada ya dawa ya aleji. Aliyeanguka kabisa asirudiwe chanjo ile mpaka daktari apime faida na hatari. Ratiba ianze wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyopewa na mama huizima chanjo ya mapema. Wanaoishia dozi mbili akiwa na wiki 11 hulipia kadi tu.

Kichaa cha mbwa kipewe siku yake, kuanzia wiki 12. Chanjo za kampeni, zile za karibu na tarehe 28 Septemba, ni nzuri na kila mbwa wa mtaa apelekwe, isipokuwa huyu mwenye historia ya kuvimba: foleni ya mbwa mia chini ya mwembe haina wa kumkalisha nusu saa.

Chagua pia saa ya kuchanja. Chukua miadi ya asubuhi, si saa kumi jioni wala Jumamosi mchana, kwa kuwa uvimbe wa uso huweza kutokea usiku wakati kliniki zimefungwa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema anaweza kugeuza gari na kurudi mjini bila kungoja kivuko. Wa Ukerewe bado ana ziwa mbele yake, na katikati ya maji hakuna dripu: achanje asubuhi, alale mjini, apande meli kesho yake.