CASCADE au RESTRICT: kufuta rekodi zenye watoto katika hifadhidata ya PostgreSQL

Ukiweka ON DELETE CASCADE kwenye ufunguo wa kigeni (safuwima ya rekodi ya mtoto inayoelekeza kwa mzazi wake), kufuta oda moja, yaani mzazi, kunaondoa pia mistari yote ya bidhaa iliyoorodheshwa ndani yake, yaani watoto. Kwa data isiyo na maana bila mzazi wake, hii ndiyo njia safi. Usiiweke kati ya mteja na malipo: DELETE moja ya kimakosa itafagia kumbukumbu za miaka, na jibu utakaloona, DELETE 1, halihesabu watoto waliofutwa.

RESTRICT hukataa kumfuta mzazi mwenye watoto. Unafuta watoto kwanza, kisha mzazi, ndani ya muamala mmoja (transaction: yote yafanikiwe au yote yabatilike). Kazi inaongezeka, ila malipo yanabaki salama.

Kwa vyovyote, tengeneza faharasa (index) kwenye safuwima ya ufunguo wa kigeni. PostgreSQL haiitengenezi yenyewe. Bila hiyo, kila ufutaji wa mzazi hupekua jedwali zima la watoto.