Kuhamisha njia au kuokoa miti: barabara kuu ya Western, Victoria

Katika upanuzi wa barabara kuu ya Western karibu na Ararat, jimboni Victoria, Australia, palikuwa na chaguo mbili za kulinda urithi wa Wadjab Wurrung, jamii ya wenyeji asilia wa eneo hilo, ambao wanawake wao walijifungulia ndani ya mashina yenye mapango ya miti mikubwa ya mikalitusi.

Chaguo la kwanza lilikuwa kubaki na njia iliyokwisha kupimwa, kisha kurekebisha usanifu ili baadhi ya miti iokoke. Faida yake ni kwamba kazi haianzi upya, na shirika la Eastern Maar, lenye mamlaka ya kisheria juu ya urithi wa eneo hilo, lilikubali mpango wa namna hiyo mwaka 2019. Hata hivyo, mti uliosalia kando ya lami, ukiwa umetenganishwa na mandhari yake, haubebi tena maana yote iliyokuwa nayo.

Chaguo la pili, lililodaiwa na wanajamii waliopiga kambi hapo tangu 2018, lilikuwa kuihamisha njia yenyewe. Lingeongeza gharama na muda, lakini lingehifadhi mahali pazima. Kwa maoni yangu lilikuwa bora, ila lilihitaji kusikilizwa kabla ramani haijachorwa. Tarehe 26 Oktoba 2020 ulikatwa mti ambao wanajamii hao waliuenzi kama mti wa kuonyesha njia, ingawa serikali ilisema haukuwemo kwenye orodha ya miti iliyokubaliwa kulindwa.